Je, Wajua? Kishale Kinaporuka Visiwani Lamu

Je, wajua kwamba tachipadi nyingi hazijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani? Chini ya ule uso laini kuna wavu wa nyaya nyembamba zilizopishana, zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikikaribia, chaji ya mahali pale hubadilika, na chipu huhesabu kidole kiko wapi. Kishale kwenye skrini hufuata hesabu hiyo tu. Hesabu ikivurugika, kishale huruka, huganda, au hubofya mahali ambapo wewe hukubofya.

Je, wajua kwa nini ukucha mrefu hausogezi kishale? Ukucha haupitishi umeme. Hina haina neno: ikishakauka na kubanduliwa, rangi inayobaki imo ndani ya ngozi na haizuii chochote. Bibi harusi wa mtaa wa Langoni au Mkomani anaweza kufungua laptopu yake siku ya pili ya harusi na kuitumia vilevile.

Je, wajua kwamba chumvi huvuta maji kutoka hewani? Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, chembe ya chumvi ya kawaida hunyonya mvuke mpaka ikayeyuka yenyewe ikawa tone. Lamu, Manda, Pate na Kiwayuu, asubuhi nyingi unyevu hupita kiwango hicho, na upepo wa kusi hubeba chembe za bahari hadi vyumbani. Zikitua juu ya tachipadi na kulowa, hufanya utando mwembamba unaopitisha umeme, na chipu huona kidole mahali pasipo na kidole. Mafuta ya nazi yaliyosalia mkononi hayana kosa hilo, kwa kuwa hayapitishi umeme. Hupaka uchafu tu. Jasho ndilo la kuogopwa zaidi, maana ni maji na chumvi kwa pamoja.

Wajua pia kwamba spiriti peke yake haiondoi chumvi? Mafundi wengi hukimbilia spiriti kwa sababu hukauka upesi, na kwa mafuta na gundi ni dawa nzuri. Lakini chumvi haiyeyuki ndani yake ila kidogo sana. Chumvi huondoka kwa maji. Zima laptopu, chomoa chaja, chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kiloweshe maji matamu kidogo na ukikamue hadi kisidondoke, ufute. Kisha kitambaa kikavu. Spiriti ije mwisho ukipenda. Kazi ya dakika tatu, na mara nyingi tatizo lote huishia hapo.

Je, wajua kwamba kiyoyozi nacho kinaweza kuilowesha laptopu? Mashine iliyoshinda kwenye ofisi yenye baridi ikatolewa nje saa saba mchana, mvuke wa hewa ya pwani hugeuka maji juu ya kila kitu kilichopoa, hata ndani ya gamba. Iache mkobani ipate joto taratibu kabla ya kuifunua.

Mchanga. Tachipadi nyingi za siku hizi hazina vitufe viwili pembeni; ubao mzima hubonyea kwa bawaba iliyo upande wa juu. Punje moja ya mchanga wa Shela ikiingia kwenye ufa wa chini, ubao hukwama ukiwa umebonyea, na kompyuta huamini kwamba unashikilia kitufe cha kushoto muda wote. Kila unachopitia kinaburutwa, kila maandishi yanachaguliwa. Laptopu yako ikiwa na mfumo wa Linux, unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Sakinisha kifurushi cha libinput-tools, halafu andika:

sudo libinput debug-events

Kila unachofanya kitaandikwa mstari kwa mstari. Ukiona BTN_LEFT imeandikwa pressed na kule kuachiwa, released, hakufuati hata ukiinua mkono, basi tafuta mchanga. Hakuna draiva itakayoutoa.

Je, wajua kwamba tachipadi inayoinuka ni onyo la hatari? Kwenye laptopu nyingi betri iko chini yake. Betri ya lithiamu ikizeeka au ikikaa kwenye joto muda mrefu huweza kutoa gesi na kuvimba, ikasukuma ubao juu. Dalili ya kwanza ni kubofya kugumu, ya pili ni ufa usio sawa pembeni. Hapo usihangaike na mipangilio. Zima, chomoa, usiitoboe, usiibonyeze irudi, na betri hiyo isichajiwe tena. Nasema hili kwa msisitizo kwa kuwa nyumba zetu zimebanana, boriti zake ni za mikoko na vichochoro havipitishi gari la zimamoto.

Je, wajua kwamba chaja inaweza kukitikisa kishale? Katika makosa yote, hili ndilo ambalo Linux husingiziwa zaidi. Chaja hukatakata umeme wa volti 240 maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha hadi volti 19 au 20. Ukatakataji huo huzaa kelele ya umeme, na kelele hiyo inatakiwa iteremke ardhini kupitia waya wa athi. Soketi za Kenya zina matundu matatu, na lile la juu ndilo la athi. Sasa mtu ana plagi ya pini mbili. Ili iingie, huchokonoa tundu la juu kwa ncha ya kalamu hadi vifuniko vya matundu ya chini vifunguke, kisha husukuma plagi ndani. Taa ya chaja inawaka, betri inajaa, ila athi haipo. Kelele hubaki kwenye laptopu, na kutoka hapo hupita kwenye mwili wa mtumiaji. Kwenye mashine zenye gamba la chuma utahisi mwasho mdogo kiganjani. Tachipadi, ambayo kazi yake yote ni kupima chaji ndogo mno, husoma kelele hiyo kuwa ni vidole vinavyochezacheza.

Jaribio lake ni rahisi kuliko yote katika safu hii: chomoa chaja, fanya kazi kwa betri dakika tano. Kishale kikitulia, usiguse faili hata moja. Tafuta waya wa chaja wenye pini tatu, na mwite fundi wa umeme aliyesajiliwa apime kama athi ya nyumba ipo kweli na imefika ardhini. Mchezo wa kalamu uachwe. Tundu hilo limezuiliwa kwa sababu ya uhai wa watu.

Wajua kwamba inveta za bei nafuu za sola huleta kisa hichohicho? Nyingi hazitoi wimbi la umeme lililo laini. Hutoa ngazi ngazi, na kila ngazi huongeza kelele. Mji wa Lamu sasa unapata umeme wa gridi kwa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen, baada ya miaka mingi ya jenereta za dizeli, lakini paneli za sola bado ni tegemeo la wengi visiwani. Anayetumia sola na ajaribu vilevile: betri kwanza, lawama baadaye.

Je, wajua njia inayopita tachipadi mpya kufika Kizingitini, kisiwani Pate? Kipuri hutoka Nairobi au Mombasa, kikapanda basi la Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kikavuka kwa boti hadi Lamu, kisha kikangoja boti nyingine ya kwenda Pate. Boti hiyo hupita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, na kwenye mkondo huo maji yakipwa kina hakitoshi. Kwa hiyo kuagiza kipuri kabla ya kujua kosa ni kupoteza nauli na siku nyingi kwa kubahatisha. Mtu aliye visiwani anahitaji uchunguzi wa kweli zaidi ya aliye kwenye mji mkubwa, anayeweza kutoka dukani na kurudi dukani kabla ya adhuhuri.

Na hapa ndipo ninapoipendea Linux. Haifichi. Kila kifaa kinapoamka, kila kinapokosea, mfumo huandika, na maandishi hayo ni ya kila mwenye mashine.

Je, wajua kwamba unaweza kuyafikia bila tachipadi? Kwenye Ubuntu, Ctrl, Alt na T kwa pamoja hufungua dirisha la amri. Alt na Tab hukupitisha kati ya madirisha. Skrini yote ikiganda, Ctrl, Alt na F3 hukupeleka kwenye uwanja mtupu wa maandishi ambako unaingia kwa jina na nywila. Na kwenye mipangilio ya ufikivu kuna chaguo la kusogeza kishale kwa vitufe vya namba. Mausi ya waya ya kuazima pia ni msaada mkubwa, ingawa hiyo ina kisa chake nitakachokieleza mbele kidogo.

Wajua kwamba swali la kwanza la kuiuliza Linux halihitaji intaneti wala kusakinisha chochote? Andika:

cat /proc/bus/input/devices

Utaletewa orodha ya kila kifaa cha kuingizia: kibodi, kitufe cha kuwashia, kamera, tachipadi. Angalia mistari inayoanza na N. Ukikuta jina lenye TouchPad, au Elantech, au namba 06CB ambayo ni ya kampuni ya Synaptics, au 04F3 ambayo ni ya Elan ya Taiwan, mfumo umekitambua kifaa, na tatizo liko mbele zaidi. Ukikuta PS/2 Generic Mouse, mfumo umekiona lakini umedhani ni mausi ya kawaida. Ndiyo maana vidole viwili haviteremshi ukurasa. Usipokuta chochote, kifaa kimezimwa kwenye BIOS, au utepe wake umechomoka, au chipu imekufa.

Utepe huo ni waya bapa wenye mistari mingi, umeingia kwenye kitundu chenye ulimi mdogo wa kuubana. Laptopu za mtumba zilizofunguliwa mara kadhaa huwa na ulimi uliolegea, na hewa ya chumvi huweka kutu ya kijani kwenye ncha za shaba. Kuuchomoa, kuufuta na kuurudisha ukae sawa ni tiba inayofufua tachipadi zilizokwisha kuhukumiwa kufa. Bei yake ni subira na bisibisi ndogo.

Je, wajua kwamba lugha ambayo tachipadi nyingi huzungumza na kompyuta ilitoka mwaka 1987? Ni PS/2, iliyoletwa na IBM kwa kibodi na mausi zenye plagi za duara. Plagi zimetoweka, lugha imebaki ndani ya gamba. Tachipadi ya Synaptics inayotumia njia hiyo hutuma pakiti za baiti 6, hadi mara 80 kwa sekunde. Sasa baiti moja ikipotea njiani, kompyuta husoma ya pili ikidhani ni ya kwanza, na kila inayofuata inakuwa imesogea nafasi moja, mithili ya mpiga tari kwenye Maulidi aliyekosa pigo moja na sasa yuko nje ya wenzake wote. Kwa muda huo mfupi hesabu hutoa mahali pasipokuwepo, na kishale huruka hadi pembeni mwa skrini.

Kiini cha Linux, yaani kernel, hulijua jambo hili na hulitaja. Andika:

sudo dmesg | grep -i -E "psmouse|i2c|synaptics|elan"

Ukikuta mstari wenye maneno TouchPad na lost sync at byte, hiyo ndiyo baiti iliyopotea. Mstari mmoja kwa wiki si kitu. Mistari mingi kwa dakika ni ugonjwa: utepe uliolegea, kelele ya chaja, au draiva isiyoelewana na chipu.

Wajua kwamba unaweza kuizima draiva na kuiwasha tena bila kuzima kompyuta? Kwa tachipadi za njia ya PS/2:

sudo modprobe -r psmouse
sudo modprobe psmouse

Kwa zile za njia mpya zaidi, badala ya psmouse huwa ni i2c_hid_acpi kwenye viini vya miaka ya karibuni. Amri hizi ni mkombozi hasa pale tachipadi inapokufa kila laptopu inapoamka kutoka usingizini. Zikiponya, unajua kwamba kifaa ni kizima na ni kuamka tu ndiko kunakokishinda. Amri hizohizo huweza kuandikwa kwenye faili dogo ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/, lipewe ruhusa ya kutekelezwa, na mfumo utaziita wenyewe kila baada ya usingizi.

Na iwapo kishale bado kinaruka na una ripoti ya kumaliza leo, kuna njia ya dharura: baada ya kuondoa psmouse, irudishe ukiwa umeongeza proto=imps. Tachipadi itajifanya mausi ya kawaida. Utapoteza kuteremsha kwa vidole viwili, lakini aghalabu kishale hutulia. Mimi naiheshimu sana njia hii. Mwalimu anayetunga mtihani wa Gredi ya Saba kisiwani Pate anahitaji mashine inayofanya kazi sasa hivi. Ukamilifu utakuja wakati wake.

Je, wajua kwamba njia hiyo mpya inayoitwa I2C ilibuniwa na Philips mwaka 1982? Ni ya zamani kuliko PS/2 yenyewe. Ilikuwa ya kuunganisha chipu ndani ya redio na televisheni, na ilikuja kuwa njia ya tachipadi baada ya Microsoft kuandika kanuni zake wakati wa Windows 8, mwaka 2012.

Laptopu nyingine zina njia zaidi ya moja. Kwenye kumbukumbu za dmesg utaona kiini kikisema kwamba tachipadi yako inadai kuweza kutumia njia tofauti, na kikikushauri ujaribu psmouse.synaptics_intertouch=1. Ushauri huo ni wa kufuatwa, tena kwa utaratibu huu: kompyuta inapowaka bonyeza Esc au Shift hadi menyu ya GRUB itokee, bonyeza e, nenda mwisho wa mstari unaoanza na linux, ongeza maneno hayo, kisha Ctrl na X. Badiliko hilo hudumu kwa kuwaka huko kumoja tu. Likileta balaa, zima na uwashe, limefutika. Likileta nafuu, ndipo uliandike kwenye /etc/default/grub na kutoa amri ya sudo update-grub. Watu wanaoanza kwa kuandika kwenye faili la kudumu hujitafutia taabu ya bure.

Wajua kile kisa cha mausi ya kuazima? GNOME, yaani mazingira ya madirisha ya Ubuntu, ina chaguo la kuizima tachipadi kila mausi ya nje inapochomekwa. Na kipokezi cha mausi isiyo na waya, kile kijidude kidogo kinachosahaulika kwenye tundu la USB, nacho huhesabiwa kuwa ni mausi, hata kama mausi yenyewe ilipotea zamani. Uliza:

gsettings get org.gnome.desktop.peripherals.touchpad send-events

Jibu likiwa disabled-on-external-mouse, chomoa kijidude. Jibu likiwa disabled, kuna aliyeizima. Mara nyingi ni kidole kilichogusa kitufe cha safu ya F chenye picha ya tachipadi. Baadhi ya laptopu za HP zina kitone kwenye pembe ya juu kushoto. Ukikigonga mara mbili tachipadi huzima, ukigonga tena huwaka. Watoto hukigundua kabla ya wazazi.

Je, wajua kwamba kuganda kwingine ni kwa makusudi? Unapoandika, libinput, yaani sehemu ya Linux inayotafsiri miguso, huizima tachipadi ili kiganja kisikihamishe kishale. Herufi moja huizima kwa milisekunde 200; ukiandika mfululizo, hungoja milisekunde 500 tangu herufi ya mwisho. Nusu sekunde ni ndefu kwa mtu mwepesi wa mikono, naye atasema tachipadi inakatika. Vitufe vya Ctrl na Shift havihesabiwi, ili uweze kuvishika huku ukibofya. Chaguo hili lina swichi kwenye mipangilio, na ushauri wangu ni liachwe limewashwa, isipokuwa kwa wanaocheza michezo inayohitaji kibodi na tachipadi kwa pamoja.

Kugonga badala ya kubonyeza, nako libinput hukuacha kumezimwa kwenye vifaa vingi hadi mwenyewe ukuwashe. Wengi hudhani kifaa kimekufa.

Je, wajua kwamba aliyeishika laptopu ya mtumba aina ya ThinkPad ana njia ya pili? Kile kitone chekundu katikati ya kibodi kilianza kuuzwa na IBM mwaka 1992 na hakitumii chaji ya kidole, hupima msukumo. Jasho na chumvi havikidanganyi. Ila tahadhari: kwenye mifano kadhaa taarifa zake hupitia ndani ya chipu ya tachipadi, kwa hiyo tachipadi ikikata kauli, kitone nacho hunyamaza.

Wajua kwamba tachipadi zilienea baada ya Apple kuziweka kwenye PowerBook 500 mwaka 1994, kwa teknolojia ya Mmarekani George Gerpheide? Na kwamba Synaptics ilianzishwa mwaka 1986 na Federico Faggin na Carver Mead, wakichunguza mitandao inayoiga neva za ubongo? Faggin ndiye yuleyule aliyeshiriki kuunda Intel 4004 ya mwaka 1971.

Wajua kwamba nahodha wa boti ya Mokowe anayepokea nauli kwa simu ya Android anatumia Linux? Kiini cha Android ni kilekile ambacho Linus Torvalds alikitangaza kutoka Helsinki tarehe 25 Agosti 1991. Kwa hiyo anayesema Linux haijafika visiwani aangalie mfukoni mwake.

Je, wajua namna ya kujua kama kosa ni la mashine au la mfumo ulioharibikiwa na mipangilio? Chukua flashi, iandike Ubuntu au Debian, iwashe laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha. Tachipadi ikifanya kazi sawasawa humo, kifaa ni kizima, na kosa liko kwenye diski yako. Ikikosea humohumo kwa namna ileile, shuku kifaa au kiini. Na ikiwa ilikosea baada ya sasisho la juzi, kwenye menyu ya GRUB kuna sehemu ya chaguo za ziada ambako viini vya zamani bado vipo. Washa cha zamani ulinganishe. Kila shule yenye maabara ya kompyuta, kuanzia Faza hadi Hindi, ingefaa iwe na flashi ya namna hii kwenye droo. Inapakuliwa mara moja palipo na mtandao wa kasi, kisha hutumika kwa mashine zote bila kula bando.

Je, wajua kwamba wazungumzaji wa Kiswahili hawakuwa watazamaji tu katika kazi ya programu huria? Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux: programu huria za ofisini, menyu zote kwa Kiswahili. Mlango uko wazi kwa kuwa msimbo uko wazi.

Na je, wajua kwamba mguso wa kidole chako unaweza kusafirishwa? libinput ilianzishwa na Jonas Ådahl na kukuzwa na Peter Hutterer, anayefanya kazi akiwa Australia; toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Hutterer hawezi kuwa na kila laptopu iliyowahi kutengenezwa. Kwa sababu hiyo kuna amri ya kurekodi:

sudo libinput record -o rekodi.yml

Unachagua tachipadi kwenye orodha, unafanya kile kitendo kinachokosea, unasimamisha kwa Ctrl na C. Kinachohifadhiwa kwenye faili ni maandishi matupu: saa, mahali kwenye mhimili wa mlalo na wa wima, ukubwa wa mguso. Mtunzaji wa programu akiwa upande wa pili wa Bahari ya Hindi huchukua faili hilo na kulicheza upya kwa amri ya libinput replay, na kompyuta yake huamini kwamba kidole cha mtu wa Siyu, Pate, kipo pale kinagusa. Kosa hutokea mbele ya macho yake. Kuhusu siri usiwe na wasiwasi: ukirekodi kibodi, herufi ulizoandika hufichwa isipokuwa wewe mwenyewe uombe zionyeshwe.

Ripoti inayofaa huwa na vitu vichache: jina kamili la laptopu, toleo la kiini unalolipata kwa uname -r, mistari ya dmesg inayohusika, faili la rekodi, na maelezo ya ulichofanya na kilichotokea. Taja pia kama chaja ilikuwa imechomekwa. Kiingereza cha kawaida kinatosha. Rekodi ndiyo inayoeleza.

Kosa likithibitika kuwa la mfano huo wa mashine, mara nyingi tiba yake ni mistari mitatu au minne tu. Huandikwa kwenye mafaili yanayoishia na .quirks, yaliyomo ndani ya /usr/share/libinput: jina la mfano, namba ya kifaa, na ukweli wa kurekebishwa, kwa mfano kwamba mguso wenye ukubwa fulani ni kiganja. Hata kabla sasisho halijatoka, unaweza kuiandika mwenyewe kwenye /etc/libinput/local-overrides.quirks na kuanza kuitumia siku hiyohiyo. Likishatoka, huingia kwenye Ubuntu, Fedora na Debian zijazo, na yeyote atakayenunua mtumba wa mfano uleule, awe Matondoni au Muscat, ataikuta tachipadi yake ikitii tangu siku ya kwanza. Mafaili hayo yanasomeka kwa amri ya less. Tafuta jina la laptopu yako humo uone ni nani aliyekutangulia.